Jaribio Lipi kwa Swali Lipi? Ulinganisho wa Vipimo vya Sayansi, Saikolojia na Takwimu

Anayeandaa utafiti hukabiliwa na uchaguzi wa jaribio mara tatu: kwanza anapoamua jinsi ya kupata ushahidi wenyewe, pili anapochagua chombo cha kupimia anachokichunguza, na tatu anapotafuta jaribio la takwimu litakaloonyesha kama tofauti au uhusiano alioupata unaweza kuwa umetokea kwa bahati tu. Maswali mengi ya wanafunzi na watafiti wachanga huhusu hatua ya tatu peke yake, kwa mfano kama watumie jaribio la t au la Mann-Whitney, ilhali data imekwisha kukusanywa na mambo mawili ya mwanzo hayarekebishiki tena. Ulinganisho huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, kwa sababu naamini kwamba aliyechagua vizuri katika hatua mbili za kwanza huikuta ya tatu imekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa.

Jaribio lenye udhibiti na uchunguzi wa kutazama tu

Katika jaribio lenye udhibiti, mtafiti ndiye anayepanga nani apate nini, na upangaji huo huachiwa bahati nasibu. Katika uchunguzi wa kutazama, mtafiti huandika tu yale ambayo watu wamejichagulia au yaliyowapata. Mfano ambao bado unafaa kufundishia ni utafiti wa dawa ya streptomaisini kwa kifua kikuu, uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 1948. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa bahati nasibu, 55 wakapewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 wakapewa mapumziko peke yake. Katika miezi sita wagonjwa 4 wa kundi la kwanza walifariki, na wa kundi la pili 14. Waliosoma picha za eksirei hawakujua mgonjwa yupi alikuwa katika kundi lipi, jambo lililozuia matumaini yao yasiingie katika hukumu zao.

Nguvu ya utafiti huo haikutoka kwenye hesabu. Kama madaktari wangeachwa wachague wenyewe nani apewe dawa, wagonjwa wenye nguvu zaidi wangeweza kujikuta wengi katika kundi moja, na hakuna jaribio la takwimu ambalo lingeweza kutenganisha kazi ya dawa na kazi ya afya waliyokuja nayo. Kwa hiyo, swali linapokuwa la chanzo na matokeo, na mtafiti ana uwezo pamoja na haki ya kugawa washiriki, achague jaribio lenye udhibiti hata kama sampuli itakuwa ndogo kuliko ambayo angeipata kwa dodoso. Uchunguzi wa kutazama unabaki kuwa chaguo sahihi pale ambapo ugawaji hauwezekani au ni dhuluma, kwani hakuna anayeweza kumlazimisha mtu avute sigara kwa miaka 20. Hata hivyo, mwenye kuuchagua akubali tangu mwanzo kwamba ataandika kuhusu uhusiano, na kwamba atalazimika kupima mapema kila jambo jingine linaloweza kuueleza uhusiano huo.

Vipimo vya saikolojia: kupima, kuchuja na kubaini

Saikolojia ina vipimo vya aina nyingi, na kosa la kawaida ni kuchukua kilichotengenezwa kwa kazi moja na kukipa kazi nyingine. Kipimo cha akili cha Alfred Binet na Théodore Simon, kilichotolewa Ufaransa mwaka 1905, kilikusudiwa kutambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Hakikuundwa ili kupanga watu wote katika ngazi za thamani. Vipimo vya Wechsler, vilivyoanza mwaka 1939, hutolewa na mtaalamu kwa mtu mmoja mmoja, huchukua muda mrefu, na matokeo yake hupangwa ili wastani uwe 100 na mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za watu hutawanyika kuzunguka wastani, uwe 15. Kipimo cha Raven cha mwaka 1938 hutumia michoro yenye mpangilio uliokatika, ambayo mtahiniwa huikamilisha bila kusoma wala kuandika neno. Anayetaka picha pana ya uwezo wa mtu, yaani lugha, kumbukumbu, kasi na kufikiri, afuate njia ya Wechsler. Anayetaka kulinganisha watu wa lugha mbalimbali katika uwezo wa kufikiri kwa maumbo, na ana muda mfupi, Raven itamfaa zaidi, ingawa kutokuwa na maneno hakukifanyi kipimo kiwe huru na athari ya shule na mazoea.

Kwa upande wa haiba, kuna dodoso zenye maswali yaliyopangwa na alama zinazojumlishwa, na kuna vipimo vya kufasiri kama kile cha Hermann Rorschach cha mwaka 1921, ambacho humwonyesha mtu kadi 10 zenye madoa ya wino na kumwuliza anaona nini. Msimamo wangu hapa ni wazi: katika utafiti wa vikundi, na hasa katika maamuzi ya ajira, dodoso zinazopima sifa kuu tano za haiba zina ushahidi bora kuliko madoa ya wino, na pia bora kuliko vipimo vinavyowagawa watu katika aina zisizoingiliana. Sifa za haiba husambaa kwa mfululizo na watu wengi hukaa karibu na katikati. Kipimo kinachochora mstari katikati na kuwaita walio upande huu aina moja na walio upande ule aina nyingine hubadilisha jina la mtu kwa sababu ya alama moja au mbili, na ndiyo maana mtu akirudia kipimo cha namna hiyo baada ya wiki chache anaweza kuambiwa kwamba yeye ni wa aina nyingine.

Sifa mbili ndizo zinazopaswa kuamua. Ya kwanza ni uthabiti, yaani kiasi ambacho kipimo hutoa jibu lilelile kwa mtu yuleyule pasipo mabadiliko ya kweli. Ya pili ni uhalali, yaani kiasi ambacho alama zinahusu kweli kile tunachodai kukipima. Uthabiti una gharama inayohesabika. Kipimo chenye mkengeuko sanifu wa 15 na uthabiti wa 0.91 (1 ukiwa uthabiti kamili) kina kosa la upimaji la takribani alama 4.5, kwa hiyo mtu aliyepata 100 anawekwa kwa uhakika wa asilimia 95 kati ya 91 na 109 hivi. Uthabiti ukishuka hadi 0.64, kosa hilo huwa 9 na masafa yanapanuka kutoka 82 hadi 118, upana ambao unameza karibu kila tofauti ambayo mtu angependa kuizungumzia.

Hapa ndipo hatua ya pili inapoifunga hatua ya tatu. Tuseme uhusiano wa kweli kati ya wasiwasi na usingizi una mgawo wa 0.50, ambapo 0 ni kukosa uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, na kila kimoja kinapimwa kwa dodoso lenye uthabiti wa 0.60. Uhusiano utakaoonekana katika data utakuwa 0.30 tu, kwa sababu makosa ya vipimo vyote viwili yanaupunguza. Ili kuuona uhusiano wa 0.50 kwa nguvu ya asilimia 80, yaani akiwa na nafasi 80 kati ya 100 za kuugundua, mtafiti huhitaji watu karibu 30, lakini ili kuuona wa 0.30 huhitaji karibu 85. Aliyechagua dodoso fupi ili kuokoa dakika kumi za kila mshiriki analipa kwa kutafuta washiriki karibu mara tatu zaidi, na kama hakulijua hilo mapema, atahitimisha kwamba uhusiano haupo.

Vipimo vya kuchuja vinahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa watu wengi huvisoma kama hukumu. Dodoso la sonona liitwalo PHQ-9 lina maswali tisa, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Katika utafiti wake wa awali wa mwaka 2001, mpaka wa alama 10 ulikuwa na unyeti wa asilimia 88, yaani uliwanasa watu 88 kati ya kila 100 wenye sonona kuu, na umahususi wa asilimia 88, yaani uliwaacha nje 88 kati ya kila 100 wasio nayo. Namba hizo zinavutia, lakini thamani yake inategemea mahali dodoso linapotumika. Kati ya watu 1,000 ambao 50 wana sonona, litawanasa 44, na pamoja nao litawaita watu 114 wasio na ugonjwa huo. Kwa hiyo kati ya watu 158 waliovuka mpaka, ni asilimia 28 hivi tu walio nayo. Likitumika mahali ambapo watu 400 kati ya 1,000 ni wagonjwa, litawanasa 352 na kuwaita kimakosa 72, na asilimia 83 ya waliovuka mpaka watakuwa wagonjwa kweli. Dodoso ni lilelile na mpaka ni uleule. Anayetaka kujua nani azungumze na daktari atumie kipimo cha kuchuja. Anayetaka kubaini ugonjwa anahitaji mahojiano ya kitaalamu yenye utaratibu, na asiandike katika ripoti kwamba asilimia fulani ya watu “wana sonona” ikiwa alichonacho ni alama za kuchuja.

Kipimo kilichotafsiriwa hakina budi kupimwa upya. Viwango vya kulinganishia vilivyokusanywa katika jamii moja havihamii kwingine kwa sababu tu maneno yametafsiriwa kwa ufasaha.

Majaribio ya takwimu: kwanza uliza jinsi data ilivyozaliwa

Kabla ya kuuliza kama data ina umbo la kengele, mtafiti ajiulize kama vipimo vyake vinatoka kwa watu tofauti au kwa watu walewale waliopimwa mara mbili. Swali hili lina uzito kuliko linavyopewa. Tuchukue mfano wa kubuni wa watu sita waliopimwa muda wa kuitikia ishara, kwa milisekunde, kabla ya mazoezi na baada yake. Kabla walikuwa na 250, 310, 280, 400, 350 na 290. Baada, kwa mpangilio uleule, wakawa na 240, 302, 268, 391, 338 na 281. Kila mmoja ameharakisha kwa milisekunde 8 hadi 12, na wastani wa mabadiliko ni 10. Jaribio la t la jozi, ambalo hutazama mabadiliko ya kila mtu, linatoa thamani ya t ya 14.6 hivi, na uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati ni mdogo mno. Jaribio la t la makundi huru, likipewa namba hizohizo kana kwamba ni za watu 12 tofauti, linatoa t ya 0.32, na thamani ya p, yaani uwezekano huo wa bahati, inazidi 0.7. Sababu ni kwamba watu wanatofautiana wao kwa wao kwa makumi ya milisekunde, na tofauti hizo, ambazo jozi huzifuta, zinaifunika ile ndogo ya milisekunde 10. Kosa la kinyume ni baya vilevile: anayelinganisha watu tofauti kana kwamba ni jozi anadai udhibiti ambao hakuufanya.

Baada ya hapo ndipo linapokuja swali la wastani au nafasi. Jaribio la t lilitokana na kazi ya William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin na aliyelichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, kwa ajili ya sampuli ndogo. Linalinganisha wastani. Umbo lake la awali huchukulia kwamba makundi mawili yana mtawanyiko sawa, sharti ambalo umbo la Welch la mwaka 1947 halilihitaji. Kwa makundi huru mimi napendekeza Welch liwe chaguo la kwanza daima: mitawanyiko ikiwa sawa, kinachopotea ni kidogo sana, na isipokuwa sawa, hasa pale ambapo kundi dogo ndilo lenye mtawanyiko mkubwa, umbo la zamani hutoa kengele za uongo, yaani hutangaza tofauti zisizokuwepo, mara nyingi kupita kiasi.

Mann-Whitney kwa makundi huru na Wilcoxon kwa jozi huziacha namba zenyewe na kutumia nafasi zake katika mpangilio kutoka ndogo hadi kubwa. Thamani moja iliyopotoka haiwezi kuliyumbisha jaribio la namna hii. Tena gharama yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani data ikiwa na mgawanyo wa kawaida kabisa, ule wa umbo la kengele, Mann-Whitney katika sampuli kubwa lina ufanisi wa takribani asilimia 95 ukilinganishwa na wa jaribio la t. Tofauti iliyo muhimu ni ya swali. Jaribio la t linauliza kama wastani ni sawa. Mann-Whitney linauliza kama mtu aliyechukuliwa kutoka kundi moja ana mwelekeo wa kumzidi aliyechukuliwa kutoka kundi jingine. Mhasibu anayetaka kujua jumla ya gharama za matibabu anahitaji wastani hata kama data imepinda upande mmoja, kwa sababu wastani ndio unaozidishwa na idadi ya wagonjwa. Mtafiti wa maumivu yanayopimwa kwa ngazi ya 0 hadi 10, ambako hatua ya kutoka 2 hadi 3 huenda isilingane na ya kutoka 8 hadi 9, atakuwa salama zaidi na nafasi.

Majaribio ya nafasi yana mpaka ambao haupaswi kusahaulika katika sampuli ndogo sana. Wilcoxon kwa jozi tano, hata zote zikielekea upande mmoja, haliwezi kutoa thamani ya p iliyo chini ya 2/32, yaani 0.0625, kwa jaribio la pande mbili, yaani linalotazama ongezeko na upungufu vilevile. Kwa jozi sita kiwango cha chini kabisa ni 2/64, yaani 0.031. Mann-Whitney kwa watu watatu dhidi ya watatu haliwezi kushuka chini ya 0.10. Kwa hiyo anayefanya utafiti wa jozi tano na kupanga kutumia Wilcoxon kwa mpaka wa 0.05, ambao p isiposhuka chini yake matokeo hayahesabiwi kuwa ushahidi, amekwisha kuamua, kabla ya kuanza, kwamba hatapata chochote.

Wengi hufundishwa waanze na jaribio la umbo, linalopima kama data ina umbo la kengele, kama lile la Shapiro na Wilk la mwaka 1965, kisha matokeo yake yaamue kati ya t na Mann-Whitney. Siupendi utaratibu huo. Katika sampuli ndogo, ambako umbo baya lingedhuru, jaribio hilo halina nguvu ya kuligundua. Katika sampuli kubwa, ambako jaribio la t linavumilia mengi, hulalamikia kasoro zisizo na madhara. Mchoro wa data na ujuzi wa kile kinachopimwa humwongoza mtafiti vizuri zaidi.

Makundi yakiwa matatu au zaidi, kulinganisha kila mawili kwa jaribio la t huongeza makosa: makundi matano hutoa ulinganisho 10, na kama kila mmoja ungekuwa huru na wenye mpaka wa 0.05, uwezekano wa kupata angalau kengele moja ya uongo ungekuwa karibu asilimia 40. Uchambuzi wa mtawanyiko, maarufu kama ANOVA, ambao Ronald Fisher aliuendeleza katika miaka ya 1920 akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, huuliza swali moja la jumla. Kruskal-Wallis la mwaka 1952 hufanya kazi hiyo kwa nafasi. Hata hivyo, kama mtafiti alikuwa na ulinganisho mmoja au miwili tu iliyopangwa tangu mwanzo, ni afadhali auendee moja kwa moja kuliko kupitia swali la jumla ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kwa data ya kuhesabu watu katika mafungu, jaribio la kai mraba la Karl Pearson la mwaka 1900 ndilo la kawaida. Tukirudi kwenye streptomaisini, vifo 18 kati ya wagonjwa 107 vingetarajiwa kugawanyika 9.25 na 8.75 kama dawa isingekuwa na athari. Vilivyotokea ni 4 na 14, na kai mraba inafika 7.4 hivi, kwa uwezekano ulio chini ya 0.01. Idadi zinazotarajiwa zilizidi 5 katika kila chumba cha jedwali, kwa hiyo ukadiriaji ulikuwa wa kutosha. Zikiwa chini ya hapo, jaribio halisi la Fisher ni bora, kwa kuwa huhesabu mipangilio yote bila kukadiria. Mfano wake wa mwaka 1935 ni wa mwanamke aliyedai kutambua kama maziwa yalitangulia chai kikombeni: vikombe 8, vinne vya kila aina, vinaweza kuchaguliwa kwa njia 70, hivyo kupatia vyote kwa kubahatisha ni 1/70. Watu walewale wakihesabiwa mara mbili, kwa mfano kabla na baada ya mafunzo, kai mraba ya kawaida haifai, na jaribio la McNemar ndilo la kutumia.

Matokeo yasomwe kwa jaribio lipi?

Thamani ya p hujibu swali dogo: ikiwa hakuna tofauti, data kama hii au iliyo kali zaidi ingetokea mara ngapi? Haisemi uwezekano wa dhana kuwa kweli, na Jumuiya ya Takwimu ya Marekani ililazimika kulitolea tamko hilo mwaka 2016. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 huonyesha pia ukubwa wa tofauti na kiasi cha shaka iliyobaki, kwa hiyo yasikosekane popote palipoandikwa p. Njia ya Bayes huchaguliwa na anayetaka kueleza jinsi data ilivyoihamisha imani kutoka dhana moja kwenda nyingine, na sharti lake ni kuitaja hadharani imani ya kuanzia.

Limebaki swali ambalo kwalo huchaguliwa jaribio baya kuliko mengine yote, nalo ni pale mtafiti anapotaka kuonyesha kwamba vitu viwili vinalingana, kama vile tiba fupi na tiba ndefu, au dodoso la karatasi na la simu. Anafanya jaribio la t, anapata p ya 0.40, na kuandika kwamba hakuna tofauti. Matokeo hayohayo hupatikana kwa urahisi kwa kutumia watu wachache au kipimo dhaifu, kwa hiyo uzembe unageuka kuwa ushahidi. Jaribio linalostahili ni la ulinganifu. Katika hilo mtafiti hutaja mpaka wa tofauti ndogo isiyo na maana kwa mgonjwa au mtumiaji, kisha huonyesha kwamba masafa yote ya uhakika, ambayo kwa kawaida ya jaribio hili ni ya asilimia 90, yamo ndani ya mpaka huo. Kuuweka mpaka ni kazi ya mwenye kuijua tiba au dodoso lenyewe, si ya programu ya takwimu, na unapaswa kuandikwa kabla mshiriki wa kwanza hajapimwa.